Bwawa Limejaa Mchanga, na Maji Yamo

Jumamosi, jua linazama. Joto la leo lilikuwa la kukausha mate mdomoni, na upepo umenijaza vumbi hadi kwenye nyusi. Mikono inaniuma na mgongo unalalamika. Nina furaha ambayo sijaionja tangu nistaafu.

Kosa la watu wengi, hata waliosoma, ni kudhani kwamba jiwe limeshamaliza safari yake. Wakiona mwamba, husema ni mwamba. Wakiona mchanga, husema ni mchanga, kana kwamba viwili hivyo viliumbwa mbalimbali na vitakaa hivyo milele. Ukweli ni kwamba mchanga ni mwamba uliovunjika, na miamba mingi ni mchanga na tope vilivyoshikamana. Asiyejua hivyo hawezi kujua mchanga unafanya kazi gani pale ulipolala.

Kosa hilo nusura litunyang'anye maji.

Niandike kwa utaratibu, maana nimechangamka, na mtu aliyechangamka huruka mambo.

Mimi ni mzaliwa wa Kibirichia, kule juu kwenye viazi na ukungu, ila niliolewa huku chini Mbeere na huku ndiko nilikofundisha jiografia hadi nikazeeka. Kwetu mawe ni ya Mlima Kenya. Ni meusi, mengine yana vitundu kama mkate, kwa sababu yalitapikwa na mlima yakiwa moto, yakapoa. Nilipoletwa huku bibi harusi, kilichonishangaza hakikuwa joto. Yalikuwa mawe. Yana mistari: mweupe, mweusi, mwekundu kidogo, tena mweupe, kama blanketi la zamani. Nilikuwa nikitumwa kuni narudi na mawe kwenye leso, na wakwe zangu wakanyamaza kwa adabu. Majirani hawakunyamaza. Mpaka leo Wawira huniita mtu wa viazi.

Wawira ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama wa kanisa. Mwaka jana alituongoza kujenga ukuta wa saruji na mawe kukatiza kijito chetu, kile ambacho hutiririka siku chache tu mvua inaponyesha, kisha kinabaki njia ya mchanga mtupu. Tulibeba mawe kwa vichwa na kwa punda. Mimi nilipewa kazi ya kupika uji na ya kuchagua mahali. Nikachagua pale ambapo mwamba wenye mistari umejitokeza kutoka ukingo huu hadi ule, tukausimamisha ukuta juu yake.

Kila mtu alitarajia ziwa. Nilisema mapema kwamba halitakuwa ziwa. Nilisema kwenye mkutano, nikasema tena kwenye uji. Lakini mtu anayebeba jiwe kichwani hasikii maelezo. Anaona maji tu machoni mwake.

Mvua za mwisho wa mwaka zikaja, zile za kupandia mawele, na kijito kikaleta mchanga. Bwawa likajaa nusu. Mvua za Machi hadi Mei zikaleta mwingine. Kufikia Juni bwawa lilikuwa limejaa mchanga mpaka mdomo wa ukuta, mkavu, mweupe, mbuzi wamelala juu yake wakicheua. Watu wa ng'ambo ya kijito wakaanza kutuuliza kama tunafuga samaki wa mchanga.

Ajabu ni kwamba watu wa huku ni mabingwa wa maji ya mchangani. Kila kiangazi, kila boma huchimba shimo lake kwenye mto mkavu, hulizungushia miiba mbuzi wasiingie, na maji hutoka. Nyanya zao walikunywa hivyo. Wanajua kabisa kwamba mchanga huficha maji. Lakini walipouona ukuta wa saruji, elimu hiyo yote ikawatoka. Saruji kwao ilimaanisha ziwa, na ziwa halikuja, basi wakaona wametapeliwa.

Mkutano wa Juni ulikuwa mgumu. Ireri, ambaye shamba lake linapakana na bwawa, ndiye aliyesimama kwanza. Nilimfundisha Ireri. Sasa ana mvi nyingi kuliko mimi na bado anakaa nyuma ya wenzake akitafuta la kuchekesha.

"Hii bwawa imekufa," akasema. "Tuuze hii mchanga kwa watu wa malori. Tuzoe yote mpaka chini, mvua ikija tupate maji ya kuonekana."

"Na mchanga ukija tena?" Wawira akamuuliza.

"Tunauza tena. Mwenyekiti, hiyo ni shamba haitaki mbolea."

Watu wakacheka. Hata mimi nilicheka, kwa kuwa ilikuwa imekaa vizuri. Kisha akasema jambo ambalo halikumchekesha mtu.

"Na mjue hiyo mwamba iko na mistari. Jiwe ya mistari ni jiwe ya nyufa. Kama kulikuwa na maji hapo chini, sahi yako Mto Tana."

Hofu hiyo ilikuwa na sura ya akili, na mimi ndiye niliyeuchagua mwamba.

Niliwaomba tutoke tushuke mtoni. Upande wa chini wa ukuta, mwamba uko wazi, na una vibonde vidogo vilivyochongwa na maji. Nikachota kibuyu kimoja cha maji kwenye shimo la mtoni nikamimina kwenye kibonde kimoja, juu ya mistari yenyewe. Cha pili nikakimwaga juu ya mchanga, hatua chache tu pembeni. Yale ya mchangani yalizama kabla sijainua kibuyu. Yale ya mwambani yalikaa. Tulibishana, tukasimulia habari za mazishi ya juzi, tukarudi kutazama, yalikuwa bado yamekaa, na nyuki amekuja kunywa.

Nitayaandika hapa niliyowaambia, kwa sababu siku ile nilikatizwa mara nyingi.

Zamani sana, kabla hata ya Mlima Kenya kuwapo, sehemu hii ilikuwa chini ya maji makubwa. Mito ilileta mchanga na tope, vikatua chini tabaka juu ya tabaka, kama vinavyotua bwawani mwetu. Tabaka za juu zikazilemea za chini. Maji yaliyopita kati ya chembe yalikuwa na madini yaliyoyeyuka, na madini hayo yakaganda yakazigundisha chembe. Atakaye kuona gundi hiyo afungue birika lake: ule ukoko mweupe unaoshika ndani ni ndugu yake. Mchanga ukawa jiwe la mchanga. Tope likawa jiwe laini linalobanduka kwa kurasa. Maganda na mabaki ya viumbe vya majini yakawa jiwe la chokaa. Haya ndiyo mawe ya mashapo, na alama yake ni tabaka, na matundu madogo kati ya chembe.

Safari haikuishia hapo. Ardhi ilisukumana, mawe hayo yakazamishwa chini sana ambako kuna joto kali na uzito usiosemeka. Hayakuyeyuka. Yangeyeyuka yangekuwa mawe ya moto, kama ya kwetu Kibirichia. Haya yaligeuka yakiwa magumu vilevile, kama chungu kinavyogeuka tanuruni. Mfinyanzi huingiza udongo, hauyeyuki, lakini ukitoka hauwezi tena kuwa tope. Chembe zikakua upya zikishikana bega kwa bega hadi matundu yakafungika. Na zile chembe bapa zinazometameta, ulanga, zikalala zote upande mmoja kwa sababu ya kubanwa. Ingia zizini uone mabua ya mahindi yaliyokanyagwa na ng'ombe: hakuna bua lililosimama. Madini meupe yakajipanga kwake na meusi kwake.

Hiyo ndiyo mistari. Ni kumbukumbu ya kubanwa, wala si nyufa. Jiwe lililobanwa kiasi hicho lina nafasi ndogo sana ya kupitisha maji. Wataalamu huliita naisi. Na lile jiwe la chokaa likibanwa na joto hivyo huwa marumaru, ndiyo maana kwenye vilima vya huku kuna mawe meupe yanayong'aa kama sukari.

Nyufa za kweli zipo pia, sikuwaficha. Mwamba ukiinuliwa juu na kupoa, unaweza kupasuka, na mpasuko wa kweli mara nyingi hukatiza mistari bila kuiheshimu. Kabla ya ujenzi nilikuwa nimetambaa kwa magoti pale mtoni nikiutafuta, na watoto wakasema Cucu, yaani nyanya yao, amepoteza hirizi. Sikuona mpasuko mkubwa. Lakini sikuweza kuona chini ya kila kitu.

Basi nikawaambia: bwawa letu lina mawe mawili. Chini kuna mzee aliyefungika, hapitishi maji. Juu kuna mtoto, mchanga, aliyejaa nafasi. Mmoja anazuia, mwingine anahifadhi, na jua haliwezi kunywa maji yaliyojificha. Mkiuza mchanga mmeuza mtungi mkabaki na kitako chake.

"Mwalimu ameongea vizuri," Ireri akasema. "Sasa maji iongee."

Hilo lilikuwa la haki. Kuona maji mchangani mwezi wa Juni si ajabu, mashimo yote ya mto huwa na maji Juni. Tukakubaliana tusubiri mpaka shimo la mwisho la mtoni likauke. Siku hiyo tutachimba bwawani. Maji yakiwapo, mchanga haugusi lori hata moja. Yasipokuwapo, lori lije.

Wawira akaongeza lake bila kuulizwa na mtu: "Na kama hakuna maji, hiki kiti changu mchukue."

Nilimtazama. Hakuwa amesoma jiografia yangu hata ukurasa mmoja. Alikuwa ameniamini tu.

Shimo la mwisho lilikauka Alhamisi. Jana akina mama waliondoka na punda alfajiri kwenda mto mkubwa, wakarudi jua likiwa utosini, na mmoja wao akaketi mlangoni pangu akashindwa hata kuvua kilemba. Huo ndio mwendo wetu mpaka mvua ije, kila kiangazi, maisha yote. Nikamkorogea uji.

Leo asubuhi tulikuta lori limeshaegeshwa ukingoni. Ireri alikuwa ameliita mapema.

"Nimeita tu lisije likachelewa," akasema.

"Ulivyokuwa unachelewa shule, leo ndio umejua saa," nikamwambia.

Alikuwa amevaa viatu vyake vizuri vya ngozi, vya kanisani. Hakutarajia kazi ndefu. Lakini niseme haki yake: alipoona akina mama wanachimba taratibu, alichukua beleshi akaingia shimoni mwenyewe. Shimo la mchangani huchimbwa pana kama sufuria, la sivyo kingo humwagika ndani. Tulilianza karibu na ukuta, mahali penye kina.

Juu mkavu. Chini kidogo mkavu. Usawa wa goti, mkavu, unachoma nyayo. Usawa wa paja, mchanga ukabadilika rangi kidogo, nikausugua kiganjani, haukushikana. Dereva alikuwa amefungua mlango wa lori, miguu nje, akila ndizi.

Usawa wa kiuno beleshi liligonga kitu kigumu.

Ireri akagonga tena. Akasafisha kwa mkono. Lilikuwa tope, jeusi, kavu, limekakamaa kama sakafu, limetanda shimo zima.

"Mwisho," akasema. "Tumefika chini. Chini ya mto huwa ni udongo."

Akainua kichwa kumwangalia Wawira, na sikuona kejeli usoni mwake. Nadhani naye alikuwa ametumaini. Akina mama wakaanza kujifunga leso upya, kama wafanyavyo wanaotaka kuondoka. Wawira alikuwa anatazama kiti cha plastiki alichokuwa ameketia kivulini, na mimi nikajua anachokifikiria.

Nilishuka shimoni. Mtu wa umri wangu hashuki shimoni kwa uzuri, niliteremka kwa makalio.

"Nipe bonge la hilo tope," nikamwambia. "Usilivunje. Litoe zima."

Akalibandua bonge moja kwa ncha ya beleshi. Nikapangusa mchanga uliokuwa umeshika upande wake wa juu, kwanza kwa kidole, halafu kwa ncha ya leso. Pakatokea shimo dogo lenye pande mbili. Nikapangusa jingine. Pande mbili tena.

Ireri akainama. "Hii ni mbuzi."

"Ni ya nani?" mtu akauliza kutoka juu.

"Ya Mwalimu. Ndio hupita kila mahali bila ruhusa."

"Ireri," nikasema, "mbuzi hutembea chini ya mchanga?"

Akalitazama bonge upya. Nikaona jibu likimjia, kama nilivyoliona likiwajia watoto miaka yote ile, na hakuna mshahara unaozidi hapo.

"Alikanyaga hapa kukiwa juu," akasema polepole.

Ndivyo. Mto wenye nguvu hubeba kila kitu. Ukianza kuchoka huangusha kizito kwanza: changarawe, kisha mchanga mnene, kisha laini. Mwisho, maji yakiwa yametulia, tope laini kama unga hutua juu ya yote. Tope halikai chini ya mafuriko. Ni kifuniko chake. Lile lilikuwa kifuniko cha mvua za mawele. Lilikauka Januari likiwa wazi juani, mbuzi wakalikanyaga, kisha mvua za Machi zikalifunika kwa mchanga mpya, ule tuliokuwa tumeuchimba asubuhi nzima. Mchanga wa kwanza, ule mnene, ulikuwa bado chini yetu, haujaguswa. Tena tope lenyewe lilikuwa limeuziba usipigwe na jua.

"Vunja," nikamwambia. "Pita."

Alivunja. Tope lilitoka vipande vipande kama vigae, na chini yake beleshi likatoa sauti nyingine, ya kukwaruza changarawe. Akatupa beleshi moja juu. Mchanga ule ulianguka kwa kishindo, ukakaa bonge bila kumwagika. Wawira akausogelea, akauweka kwenye shavu lake. Akabaki ameushikilia hapo.

Beleshi jingine. Jingine.

"Nimelowa viatu," Ireri akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa tu.

Tukatazama. Maji yalikuwa yanaingia kutoka pembeni, bila haraka, yakizunguka viatu vya ngozi vya kanisani. Yalikuwa meusi, halafu ya kahawia. Tukayachota tukayamwaga, yakarudi. Tukayachota tena, yakarudi meupe zaidi. Kufikia mchana niliona chembe za ulanga zikimeta chini ya maji kama ziko mkononi.

Vigelegele vilipigwa hadi watu wa ng'ambo wakaja kuuliza nani amejifungua. Wawira aliwajibu, "Sisi." Kisha akaanzisha wimbo wa kanisa, akaharibu sauti katikati kwa kulia, tukaumalizia sisi. Punda walikunywa, mitungi ikajaa, na kila tulipopumzika maji yalipanda tena hadi pale pale.

Dereva wa lori alisogea na kopo lake akaomba maji ya rejeta.

"Mpe," Wawira akasema. "Asije akasema amekuja bure."

Lori likaondoka tupu. Ireri hakulitazama. Alikuwa ameshavua viatu, ameviweka juani, anakata miiba ya kuzungushia shimo, na nilimsikia akimweleza mzee mmoja wa ng'ambo kwamba tope si mwisho, ni kifuniko, na kwamba mistari ya mwamba si nyufa. Aliyaeleza vizuri. Aliruka habari ya ulanga, lakini nitamsahihisha siku nyingine.

Kikundi kimekata shauri pale pale: mchanga wa bwawani hautauzwa, na mvua zikipita tutajenga ukuta wa pili juu zaidi kijitoni. Wamenipa tena kazi ya kuchagua mwamba. Uji atapika mtu mwingine.

Nimeketi kibarazani, miguu kwenye beseni. Nafikiria maji haya yanavyolala gizani kati ya chembe ambazo zilikuwa mwamba, juu ya mwamba ambao ulikuwa chembe. Nilifundisha hayo kwa chaki miaka mingi. Leo nimeyanywa, na ni matamu.

Kama kwenu kuna bwawa ambalo watu wanasema limekufa kwa kujaa mchanga, usiite lori. Chukua jembe leo, uchimbe karibu na ukuta, na ukigonga tope, pita.